Joka la Fundi Cherehani

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alikuwa anapanga kadi za mchezo mapajani. Kiongozi wa kadi zake alikuwa joka jekundu lenye vichwa vitatu. Muuguzi mmoja, bado na sare yake, alichungulia bila aibu.

"Kaka, umejaza majoka matupu. Askari wadogo wako wapi?"

"Wa nini? Joka hili likitua mezani, mchezo umekwisha."

"Litatua lini? Mume wangu analo kama hilo. Kila Jumamosi anapigwa kabla halijafika. Weka wadogo wakulinde mwanzoni."

Fundi akakaza shingo. Alisema anakwenda kucheza na binti yake, ambaye hajamsemesha tangu yeye, baba, alipomkataa mchumba wa binti huyo. Jana binti alimtumia ujumbe mfupi tu: njoo na kadi zako.

"Basi mwachie ashinde."

"Nikimwachia atajua, atanuna upya. Mchezo huu nimemfundisha mimi."

"Na ukimshinda?"

Mimi nilikuwa na jibu, lakini hakuna aliyeniuliza. Fundi alichomoa joka moja, akalirudisha, akalichomoa tena.

"Wadogo hurefusha mchezo," muuguzi akasema taratibu. "Mtakaa pamoja zaidi."

Treni ikasimama. Fundi akakusanya kadi zake, akashuka, kisha akageuka ghafla.

"Dada, wadogo wangapi wanatosha?"

Milango ikafungwa muuguzi akiwa ameshafungua mdomo.