Thobias Maganga, Fundi wa Magari ya Mashindano

Baba Padri, wazee wetu kutoka Kishapu, majirani wa Ngokolo, mafundi na madereva mliofunga kazi leo ili kumsindikiza mwenzenu, asanteni kwa kufika, na tunaomba utulivu wenu tuwasomee maisha ya ndugu yetu Thobias Maganga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Mhunze, Kishapu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Maganga na mama Mbuke, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, ambako alipenda sana kufungua vitu ili aone vimefungwaje, ikiwemo baiskeli ya mwalimu mkuu, na kwa bahati mbaya somo hilo halikuwa na mtihani.

Mwaka 1981 alikuja Shinyanga mjini, akapokelewa gereji na fundi Valerian, ambaye naye ametangulia mbele za haki, aliyekuwa akihudumia Datsun na Peugeot za madereva wa mashindano, na hapo ndipo Thobias alipolijua jambo ambalo aliwasimulia wateja wake hadi wengine wakaomba radhi waende: kwamba sheria za mashindano ziliwataka wenye viwanda wawauzie watu wa kawaida gari linalofanana na lile la kushindania, hivyo viwanda, katika kutafuta ushindi kwenye tope na kokoto, vikajikuta vinawauzia watu wa mjini magari yenye tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini pumzi na nguvu, kisha yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuanzia Celica za mwishoni mwa miaka ya themanini hadi Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer za miaka ya tisini, kila toleo likitibu ugonjwa wa lililotangulia.

Mwaka 2006 alihamia Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, ambako wanunuzi wa dhahabu walikuwa wanaagiza magari hayo yakiwa yametumika Japani, na mengi yalikuwa ya kawaida kabisa yaliyobandikwa nembo za yale makali, naye kabla ya salamu alifungua boneti, akikuta injini haifanani na nembo, aliibandua kwa kucha na kitambaa chenye petroli, akamkabidhi mwenye gari mkononi, jambo lililowaudhi wengi, akiwemo bwana George, aliyeondoka akifoka na akarudi baada ya muda na gari la kweli. Mwaka 2013 alirudi mjini, hapa Ngokolo, akafungua gereji yake, na ingawa alisikitika kuona magari ya mashindano yamejitenga na yanayouzwa dukani, mwaka 2020 alifurahi kama mtoto alipoonyeshwa kwenye simu ka-Toyota Yaris kadogo kalikoundwa upya kwa ajili ya mashindano na kuuzwa kwa watu wa kawaida kama zamani.

Tarehe 18 Septemba 1993 alifunga ndoa na Eunice, fundi cherehani, ambaye alikuja na binti yake wa miaka mitatu, Martina, na siku ile ile Thobias akampa mtoto jina lake na kuwaambia majirani wamwite Baba Martina. Mwaka uliofuata alipozaliwa Enock, watu wa ukoo wakaanza kumwita Baba Enock, wakisema huyo ndiye wa damu, naye hakuitika hata mara moja, akisingizia kwamba injini zimemharibia masikio.

Julai 2016, ng'ombe wa mahari ya Martina walipoletwa Mhunze, baba mdogo wetu, mzee Luka, alimuuliza mbele ya wageni imekuwaje anabandua nembo za uongo kwenye magari ya watu, halafu mwenyewe amembandika jina lake mtoto wa mwanaume mwingine, na Thobias akajibu kwa upole kwamba gari halijui nani amelilea, lakini mtoto anajua, kisha akasimama akapokea ng'ombe. Mzee Luka hakuridhika, na tangu hapo wawili hawa walisalimiana kwa taabu.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi, akatibiwa hapa Shinyanga na baadaye Mwanza, Martina akaiacha biashara yake Geita akaja kumuuguza, hadi alipofariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Jana kikao cha ukoo kilibishana kama Martina asomwe hapa miongoni mwa watoto wa marehemu, na aliyekimaliza ni mzee Luka, aliyesema kwamba kila alipokuja kumjulia hali Thobias alimkuta binti huyo anamuosha, na kwamba yeye hajui tena damu ni nini. Hivyo marehemu ameacha mjane, Eunice, na watoto wanne, Martina, Enock, Eliya na Aneth, nao watatangulia kuweka udongo kwa mpangilio huo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, na mafundi wenzake mliolipia magari ya kutuleta. Mzee Luka ametuomba tuseme kwa niaba yake, kwa jina ambalo hakuwahi kumwita: pumzika kwa amani, Baba Martina.