Aliyeruka Mama Akiwa Amefumba Macho

Wapendwa waombolezaji, ndugu na marafiki mliofika licha ya barabara kuteleza, familia inawasomea kwa ufupi, kwa kadiri sisi Wakenya tunavyouweza ufupi, maisha ya mpendwa wetu Fiona Jeptoo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 huko Kapsabet, mtoto wa pekee wa Bi. Maureen aliyeketi hapa mbele, na mwaka 1999 wakahamia ng'ambo, Brooklyn Center karibu na Minneapolis, ambako mama alipata kazi ya kutunza wazee, shifti mbili kwa siku, na mtoto akapata theluji.

Alisoma hapo hapo Brooklyn Center, na Januari 2003 darasa lao lilipelekwa kutazama mchezo wa kuruka kwa ski, yaani mtu anafunga mbao mbili ndefu miguuni, anateremka mlima wa theluji kama jiwe, kisha anaruka hewani na kutua mbali kule chini. Alirudi nyumbani akiutaka. Fomu ya klabu ilikuwa na kisanduku cha mvulana tu, kwa hiyo mama akachora cha msichana kwa kalamu ya kazini, akakitia alama, na ofisi, ambayo haijawahi kuikataa fomu iliyojazwa yote, ikampokea.

Kanisani mzee mmoja alimwambia, "Mtoto, watu wetu hushinda mbio wakiwa ardhini, wewe nani alikutuma hewani?" naye akajibu kwamba ardhini foleni ni ndefu.

Alitwaa ubingwa wa wanawake wa majimbo ya kaskazini mwaka 2011, 2013 na 2014, na ule wa 2012 alinyang'anywa kwa sababu nguo yake ilizidi sentimita moja pajani, tukaandika barua ya rufaa, na jibu likafika baada ya miezi kumi na minne, nalo lilikuwa fomu ya kuombea rufaa.

Miaka hiyo yote mama alikuwepo, ametoka kazini moja kwa moja, yunifomu ndani ya koti, lakini hakumwona akiruka hata mara moja. Mtoto akishakaa tayari kule juu, mama alianza kuomba, na kwetu kuomba ni kufumba macho, akayafumbua aliposikia ski zikigonga theluji, akasema Amina. Marehemu alilijua hilo, na kuliko kombe lolote alitaka mama amwone hewani, sekunde nne tu. Goti lilipomshinda, kabla ya shindano lake la mwisho la tarehe 18 Februari 2017, alimtaka mama aahidi, na mama akaahidi.

Baadaye garini akamuuliza, "Haya mama, kofia yangu ilikuwa rangi gani?" Mama akasema bluu. Ilikuwa nyekundu. Walicheka hadi vioo vikaingia ukungu, na mama akaenda kazini akilia.

Marehemu alifanya kazi ya uuguzi Saint Paul, na kila Jumamosi akafundisha wasichana kuruka, kwa fomu ambayo sasa ina visanduku viwili. Tarehe 9 Juni 2018 alifunga ndoa na Timothy Wanjohi, mwanamume anayeogopa hata ngazi, wakajaliwa binti, Stacy, mwenye miaka mitano, anayekielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Minneapolis, mama akiwa kati ya hospitali na kazi kwa miezi kumi na mitano. Jumamosi tarehe 10 Januari 2026, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mchungaji alisema tuombe, sote tukafumba macho isipokuwa mama. Alimwambia Jeptoo kwamba yeye mama amechoka, lakini leo hafumbi. Akamtazama hadi pumzi ya mwisho, ndipo akasema Amina, na sisi tukajua tufumbue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni petu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na chama cha mchezo, kilicholeta barua ya rambirambi pamoja na fomu ya kuthibitisha kwamba tumeipokea. Tumeijaza.

Jeptoo, umetua. Mama ameona. Pumzika.