Mzee Waya na Mshale wa Lori la Bluu

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, fundi umeme wa magari katika karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, tunamwita Mzee Waya.

Alianza kama msaidizi wa kuchaji betri. Wakati huo karakana ilikuwa na malori sita ya aina moja. Leo limebaki moja tu, lile la bluu lenye usukani mpana kama sinia. Magari mapya yalipokuja na kompyuta zake, alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na tano, akibofya kwa kidole kimoja. Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepigiwa kelele, ingawa wanakiri kwamba kimya chake mbele ya waya uliofungwa ovyo kilikuwa kikali kuliko kelele. Mama watoto wake ametuomba tuongeze kwamba taa ya ukumbini kwao inasubiri fundi tangu mwaka juzi.

Yapo mengi ya kusimulia. Hili moja nimeliombea ruhusa kwa meneja na kwa mzee mwenyewe.

Mwaka jana, dereva wa lori la bluu alisimama njiani mara tatu katika wiki mbili. Kila mara alipiga simu kusema mshale wa geji ya joto umeingia kwenye nyekundu. Kila mara mafundi walikuta maji yamejaa na injini haina neno, na lori likirudi uwanjani mshale ulitulia katikati kama mtoto aliyeonywa. Wakaanza kumwita Bwana Homa, wakimuuliza leo ameugulia kwenye kivuli cha wapi. Mara ya tatu shehena ya mboga iliharibika. Meneja akaamini kwamba dereva anaisingizia geji ili apumzike, na barua ya kumwachisha kazi ikaandaliwa. Mimi, karani wa ofisi, ndiye niliyeichapa. Ulibaki mhuri tu. Dereva yule ana watoto wanne na mama mgonjwa, na hakuna aliyejitokeza kumtetea.

Mzee Waya aliingia ofisini na grisi mikononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba mhuri usubiri hadi alasiri. Alisema geji haihukumiwi lori likiwa limeegeshwa. Akapanda lori pamoja na dereva, wakaelekea kwenye barabara ya mashimo.

Huko mshale wa joto ukapanda. Wengi wetu tungeutazama huo tu. Yeye alitazama wa mafuta, ulio jirani yake: nao ulikuwa unapanda, na hakuna tangi linalojijaza lenyewe safarini. Baadaye alitueleza hivi: "Ndugu wawili wakiumwa tumbo kwa wakati mmoja, usiwapime matumbo. Uliza walikula wapi." Geji zote mbili hula umeme kutoka kwenye kikopo kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachopunguza nguvu ya betri. Kikopo hicho hufanya kazi kikiwa kimegusana na chuma kitupu. Kikikosa mguso, umeme hupita mwingi kuliko inavyotakiwa, na mishale yote hupanda.

Akafungua dashibodi palepale kando ya barabara. Chini ya kikopo palikuwa na rangi ya bluu, laini na nzuri. Uwanjani skrubu moja ilitosha kushika mguso. Kwenye mashimo ilitikisika, mguso ukakatika.

Rangi ile aliipaka yeye. Miezi michache kabla alikuwa ameikarabati dashibodi, na kwa jinsi alivyolipenda lori lile akapaka kila mahali, asikumbuke kukwangua pale kikopo kinapokaa. Ni kosa ambalo lingemfanya amnunie mwanafunzi wake wiki nzima.

Angeweza kupiga msasa, kukaza skrubu na kurudi akisema amekuta waya umelegea. Hakuna ambaye angejua. Hata dereva alikuwa nje akiweka mawe kwenye matairi. Badala yake alikuja moja kwa moja ofisini, akaandika katika kitabu cha kazi: "Kosa ni langu. Nilipaka rangi mahali pa mguso. Dereva alisema kweli." Akatia sahihi, akanigeuzia kitabu nisome. Kisha akamwomba dereva radhi mbele ya mafundi wote, akimwita mwanangu. Barua aliichana meneja mwenyewe.

Tangu siku ile, kitabu cha kazi kina sentensi ambazo hazikuwamo zamani: nilisahau, nilikosea, nilikaza kupita kiasi. Mafundi huziandika bila kushurutishwa.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi na kwa mfano. Tunakuombea afya, usingizi wa raha na siku nyingi pamoja na mama watoto. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa lori la bluu ataripoti kazini kama kawaida.