Kahaso Kitsao, Mwanahisabati wa Maji, na Bomba la Kilima cha Mawe Meupe

Dkt. Kahaso Kitsao Mwaro, tunayemzika hapa Junju leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Kitsao Mwaro na Mama Kahonzi Charo, ambao wote wawili wametangulia. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1974 katika nyumba ya baba yake, hapa hapa Junju. Masika ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo aliyempokea ni bibi yake mzaa baba.

Kabla ya kuendelea, familia inaomba tarehe zote zitakazosomwa zisikilizwe vizuri, hasa zile za ugonjwa. Tangu msiba huu utokee kuna maneno yanayonong'onwa kwamba marehemu hakufa kifo cha Mungu, na kuna mzee anayetajwa. Mzee huyo ni Ngala Mwaro, baba yake mkubwa. Maneno hayo yatajibiwa hapa mbele ya watu wote, yakifika mahali pake.

Utotoni marehemu alichota maji bwawani pamoja na wasichana wenzake. Wenzake walitia majani ndani ya ndoo ili maji yasiruke njiani. Yeye hakutia. Alibadilisha mwendo wake, mara hatua fupi, mara ndefu, mpaka akapata mwendo ambao maji yalitulia.

"Mbona watembea kama bata?" mama yake alimuuliza siku moja.

"Mama, maji yana mwendo wake. Nikienda sawa nayo, yaruka. Nikikataa kwenda sawa nayo, yatulia."

"Na shingo yako je?"

"Shingo yazoea."

Miaka mingi baadaye alifundisha somo zima chuo kikuu kwa ndoo ya maji iliyowekwa juu ya meza, na mwenye kazi ya kupiga deki akaenda kumshtaki kwa mkuu wa idara.

Alisoma Shule ya Msingi ya Junju kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, kisha shule ya bweni ya wasichana mjini Kilifi hadi 1992. Ni lazima isemwe kwamba alipomaliza darasa la nane, watu wa ukoo walikaa kikao wakashauri aozwe. Aliyesimama kupinga ni Mzee Ngala, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuingia darasani. Alisema, "Huyu asiguswe mpaka asome vitabu vimwishie." Siku ya kuripoti shuleni yeye ndiye aliyembebea sanduku. Waliokuwa wakitaka mahari wanaweza kujikumbuka wenyewe.

Kutoka hapo alikwenda chuo kikuu Nairobi, ambako alipata shahada ya hisabati mwaka 1998, uzamili mwaka 2002 na uzamivu mwaka 2009. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu jambo moja: maji yaliyo ndani ya bomba refu hufanya nini yanaposimamishwa ghafla. Wako waliomuuliza hiyo ni hesabu au ni kazi ya fundi. Alijibu kwamba hesabu isiyoweza kushuka mpaka kwenye bomba bado haijakamilika, na fundi asiyetaka kujua kwa nini bomba limepasuka atalishona maisha yake yote.

Alianza kazi kama mwalimu wa shule ya upili huko Mariakani. Kuanzia Septemba 2009 mpaka alipougua alikuwa mhadhiri wa hisabati tumizi katika chuo kikuu hapa Kilifi. Pamoja na kufundisha, aliitwa na watu wa kila aina. Alikisaidia kiwanda cha maziwa kukadiria maziwa yatakaa baridi kwa muda gani ndani ya lori likiwa kwenye foleni juani. Alisaidia kaunti kupanga matangi ya maji. Hakuwahi kukubali kubadilisha jibu ili limfurahishe aliyemwita, na kwa sababu hiyo kuna ofisi ambazo hazikumwita mara ya pili.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa takatifu mjini Mtwapa na Bw. Gerishom Mutuku, fundi wa pampu na mitambo ya baridi katika hoteli moja ya Kikambala. Nyumba yao ilijulikana kwa ubishi. Pampu ya nyumbani ikiharibika, mmoja alishika spana na mwingine kalamu. Bw. Mutuku alipenda kusema, "Mke wangu anajua kwa nini imekufa. Mimi najua kuifufua." Marehemu alikuwa akimjibu, "Ungenisikiliza jana isingekufa." Mungu aliwajalia watoto wawili, Vivian na Hope.

Kazi yake ambayo wengi hapa waliiona kwa macho ni ya mwaka 2016. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa na pampu bondeni na tangi upande wa pili wa Kilima cha Mawe Meupe. Bomba lilipita juu ya kilima, karibu na nyumba ya Mzee Ngala. Mwezi wa Mei lilianza kupasuka pale juu kila stima ilipopotea na pampu kuzimika. Likiungwa, linapasuka tena pembeni kidogo. Mafundi walibadilisha vipande bila mafanikio. Mzee Ngala alikuwa na mvi, alikuwa mjane, na aliishi peke yake. Kwa watu wengi ushahidi huo ulitosha kumwita mchawi. Aliletewa ujumbe kwamba siku ya soko, Jumamosi, isimkute kwake, la sivyo nyumba itachomwa naye akiwa ndani. Waliouleta ujumbe huo walikuwa wajukuu wa ndugu zake.

Marehemu alifika siku ya Jumatano. Hakulia wala hakumtukana mtu. Aliomba michoro ya bomba, akaketi kwenye ofisi ya chifu na kompyuta yake, akaanza kupiga hesabu. Hesabu ilikataa. Kwa urefu ule wa bomba, kwa kimo kile cha kilima, na kwa valvu ya hewa iliyochorwa pale kileleni, bomba halikupaswa kupasuka. Alirudia, jibu likawa lile lile. Ndipo akaiondoa valvu ndani ya hesabu, kana kwamba haipo. Jibu likabadilika, likaonyesha kilima, mahali pale pale palipokuwa pakipasuka.

Aliita kamati ya maji.

"Pale juu bomba halipumui," aliwaambia. "Nani ameziba valvu?"

Walitazamana. Mwishowe katibu akasema, "Tuliifunga, Daktari. Ilikuwa ikilia."

"Ikiliaje?"

"Kama nyoka. Kina mama wakipita na kuni wanatupa mizigo wanakimbia. Ikasemwa mna jini la mzee mle ndani. Tukaifunga kwa mpira wa tyubu na waya."

"Lini?"

"Mwezi wa nne, mwishoni."

"Na bomba likaanza kupasuka lini?"

"Mwezi wa tano," akasema.

Aliwaeleza kwa maneno mepesi. Pampu ikizimika ghafla, maji yaliyokwisha kuvuka kilele huendelea kuteremka, na yaliyo nyuma hurudi bondeni. Katikati hubaki utupu. Kisha yale ya nyuma hudunda na kupanda tena, na yanapokutana na wenzake hupiga kama nyundo. Valvu huingiza hewa mahali pa ule utupu ili nyundo isiwepo. Sauti iliyowatisha ilikuwa ni hewa ikiingia na kutoka. Waliogopa sauti, wakaiziba, na kwa kuiziba wakaleta balaa lenyewe. Kisha balaa hilo wakambandika mzee.

Siku ya Ijumaa chifu alikusanya watu kilimani. Bomba lilikuwa limeungwa na valvu imefunguliwa. Marehemu alipunga kitambaa, na kule bondeni mumewe akazima pampu. Valvu ikalia. Bomba halikupasuka.

Kijana mmoja, ambaye jina lake halitasomwa kwa kuwa yupo hapa kwenye viti vya nyuma, alipaza sauti: "Mchawi ametulia kwa sababu ameona wageni!"

Watu walicheka. Marehemu hakucheka.

"Wewe u mchawi?" akamuuliza.

"Mimi? Mimi ni mwanakwaya!"

"Haya, mwanakwaya. Njoo uifunge wewe mwenyewe, tuone."

Kijana aliifunga kwa mpira na waya, akakaza kwa meno ya koleo, kisha akarudi nyuma kwa maringo, ingawa si mbali kama alivyoambiwa. Pampu iliwashwa, bomba likajaa, kitambaa kikapungwa tena. Kishindo kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Maji yaliruka juu, na mwanakwaya akalowa kutoka kola hadi viatu.

"Kumbe mwanangu," mama mmoja akamwambia, "na wewe u mwenzao! Tukuchome leo ama tungoje kesho soko?"

Wakati huo wote Mzee Ngala alikuwa ofisini kwa chifu, kati ya askari wawili, akinywa chai. Kesho yake soko lilifanyika kama kawaida, naye alikwenda kununua tumbako.

Kijiji kilikaa bila maji mpaka Jumapili, na wako waliomlaumu marehemu kwa kupasua bomba zima mbele ya watu. Aliwajibu kwamba angelipasua hata mara kumi. Valvu ilifunguliwa, ikajengewa kibanda cha matofali, na watoto waliokuwa wakiiogopa alikwenda nao mpaka pale wakaigusa. Aliwaambia, "Ikilia, inapumua. Ikinyamaza, hapo ndipo muogope." Tangu siku hiyo bomba limepasuka mara moja tu, mwaka 2021, na hapo lilikatwa na trekta.

Mwezi wa Januari 2025 marehemu alianza kukonda na kuumwa na mgongo. Tarehe 11 Februari 2025, hospitalini Mombasa, madaktari walithibitisha kwamba ana saratani ya kongosho, na kwamba ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Tarehe 20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka, alikwenda kumtembelea Mzee Ngala, akala wali na kuku nyumbani kwake. Wiki hiyo hiyo maumivu yalizidi, akalazwa.

Februari inatangulia Aprili. Ugonjwa ulikuwa umejulikana kwa miezi miwili kabla marehemu hajaonja chakula cha mzee. Anayesema kwamba alilishwa kitu siku ya Pasaka amesema lisilo kweli. Na akiendelea kulisema baada ya kuzisikia tarehe hizi, basi anajua kwamba anasema uongo, na damu ikimwagika itakuwa mikononi mwake, hata kama hakushika kiberiti.

Marehemu aliyaona haya mapema. Mwezi wa Julai, akiwa kitandani, alimwambia mdogo wake anayesoma wasifu huu, "Ugonjwa wangu uandikwe kwa jina lake. Msije mkaandika 'baada ya kuugua kwa muda mfupi'."

"Dada, watu wataulizana ulikuwa nao tangu lini."

"Waulizane, nanyi muwajibu. Mkinyamaza watatafuta jibu lao, na wewe unajua watakwenda kulitafuta kwa nani."

Aliaga dunia nyumbani kwake Junju, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mumewe na watoto wake walikuwa kando yake. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, kanisa, wahadhiri wenzake na wanafunzi wake.

Mambo mawili yaliyobaki ni maagizo yake. La kwanza, hakutakuwa na disko matanga, ule muziki wa kukesha msibani. Mwenye kutaka kucheza ngoma kwenye kaburi la watu atafute kwingine. La pili linamhusu Mzee Ngala. Tangu Jumapili iliyopita, maneno yalipoanza, mzee huyu wa miaka themanini na sita amekuwa akilala nje ya nyumba yake, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Asubuhi ya leo Bw. Mutuku alikwenda mwenyewe kumchukua. Mzee alimwambia, "Mkwe wangu, niache. Nikija watasema nimekuja kutazama kazi yangu." Bw. Mutuku akamjibu, "Usipokuja watasema umekimbia. Twende, baba. Mwanao ameagiza." Ndiye huyo aliyeketi mstari wa mbele, kati ya Vivian na Hope. Jeneza likishushwa, yeye ndiye atakayetia udongo wa kwanza, kabla ya mume na watoto. Hivyo ndivyo marehemu alivyotaka, na yeyote mwenye neno alitoe sasa, kwa sauti, watu wote wasikie.

Dkt. Kahaso Kitsao Mwaro ameacha mume, Bw. Gerishom Mutuku, watoto, Vivian na Hope, kaka zake wawili na mdogo wake mmoja, mama mkwe, Mama Ndinda, na baba yake mkubwa, Mzee Ngala Mwaro, aliyembebea sanduku.

Mwenyezi Mungu ampe Kahaso pumziko la amani. Na Mzee Ngala, usiku wa leo, aachwe alale nyumbani kwake kwa amani, angali hai.