Bi Rojo, Aliyesimama Mbele ya Swichi

Tunamsindikiza leo dada yetu mkubwa, ambaye kiwandani hata mtaani wengi walimwita Bi Rojo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshonaji. Shuleni alipenda hesabu na ubishi. Mama alikuwa akisema, "Huyu ukimwambia maji yanashuka, atakuuliza kwa nini." Mwaka 1991 alihitimu uhandisi.

Mwaka 2001 aliajiriwa katika kiwanda cha kutengeneza mafuta ya magari kutokana na mabua ya mahindi. Alisimamia rojo, yaani mabua yaliyosagwa na kuchanganywa na maji. Rojo hilo likikorogwa hulainika na kutiririka. Likitulia, hugoma bombani kama punda.

Agosti 2003 bomba kuu liliziba. Meneja akataka pampu iongezwe nguvu. Dada alijua kwamba rojo likisukumwa hivyo maji yangekamuka na kutangulia, makapi yakazidi kujishindilia mpaka bomba lipasuke. Na fundi bomba alikuwa bado chini, akilegeza boliti. Dada akasimama mbele ya swichi ya pampu.

"Bosi, kesho nifukuze kazi. Leo hapawashwi kitu."

Walizozana mpaka fundi akapanda juu, rojo limemtapakaa hadi kwenye nyusi. "Jamani, mnagombania nini?"

Walipofungua bomba walikuta makapi yameshikana kama tofali. Meneja alimwomba radhi mbele ya wote.

Fundi yule alimwoa tarehe 12 Juni 2004, wakati sisi tulishakata tamaa ya kula pilau lake. Akiulizwa alimpataje, shemeji hujibu, "Alinitetea kabla hajanijua jina. Ningeenda wapi tena?" Walijaliwa binti mmoja.

Februari 2023 dada alipata kiharusi. Maji na chai vikawa vinampalia, muuguzi akatufundisha kuvitia unga wa kuvifanya vizito. Shemeji alikoroga kila kikombe mwenyewe. Dada aliinua kijiko, akatazama tone linavyoanguka, kisha kwa ulimi mzito akasema, "Bado jepesi, mume wangu. Koroga." Siku chai ilipotoka sawa, alimpigia makofi kwa mkono mmoja, juu ya paja lake.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2024, binti yake akimchana nywele.

Ameacha mume, binti, wadogo watatu, na wapwa waliozoea kumkimbilia kila wakigombezwa.

Dada, umetutetea vya kutosha. Pumzika kwa amani. Shemeji tunaye sisi.