Thelathini Imepita kwa Kura Tatu

Benchi la mtaa wetu wa Kasingirima, hapa Kigoma, ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa kiduka changu cha kupiga chapa, na dirisha langu liko juu yake, usawa wa masikio. Kwa hiyo mimi sisikilizi, nasikia. Mwaka ule wa tisini na tisa mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka ng'ambo, magari meupe ya mashirika, na wanaume waliojua kila kitu kuhusu wakimbizi na magari yao. Watatu kati ya hao walikuwa wa dirishani kwangu. Mzee Zubery, maarufu kwa jina la Bandari, karani mstaafu wa gatini. Abdulmajid, anaitwa Redio, fundi baiskeli anayesikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili na kwa Kirundi ili apate kuibishia kwa lugha zote mbili. Na Oswald, Profesa, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kuandika idadi ya mablanketi yanayokwenda kambini. Kahawa anatuuzia Nuhu. Sheria ya benchi ni moja: ubishi ukikomaa, unapigiwa kura kwa vikombe. Anayeunga mkono hoja anafudikiza kikombe chake, na mwenye hoja iliyoanguka anaosha vikombe vyote. Kwa miaka minne sijamwona Profesa akilowesha vidole.

Alasiri hiyo alikuja Saumu, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, daftari kifuani. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, likizo imekwisha, na treni ya jioni ilikuwa inamsubiri. Maswali kumi ya kalkulasi alipaswa kuyakabidhi siku ya kufika. Tisa alikuwa ameyamaliza. Jaribio la kwanza alikuwa ameanguka, kwa sababu malaria ilimlaza wiki mbili na wenzake wakasoma bila yeye. Akianguka na maswali haya, anadisko, yaani anarudishwa nyumbani moja kwa moja, na mtaa mzima utapata habari kabla begi lake halijashushwa stesheni.

Profesa ndiye aliyemwahidi baba yake kwamba atamsaidia. Hesabu, alisema, ndiyo maziwa aliyonyonya. Wiki ya kwanza ya likizo alikuwa amechoka. Ya pili alikuwa kambini. Ya tatu alikuwa hana miwani. Leo Saumu alimkuta benchini, miwani puani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Lete hilo swali, alisema Profesa, huku akitazama kama dirisha nalo limesikia.

Akalisoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufungulia semina. Mzee Zubery akatikisa kichwa kwa raha, akasema hajasikia Kiingereza kinene namna hiyo tangu manahodha wa kizungu waondoke. Alipomaliza, hakuna aliyeelewa kitu, hata msomaji mwenyewe. Ikabidi Saumu alieleze mwenyewe kwa Kiswahili. Una bati la mraba, kila upande sentimita sitini. Unakata miraba minne midogo iliyo sawa, mmoja kila pembe, halafu unakunja kingo zinazobaki ziwe kuta za sanduku lisilo na kifuniko. Miraba hiyo uikate upande wa sentimita ngapi ili sanduku libebe vingi kuliko yote?

— Nimedifrenshieti, nimepata majibu mawili. Kumi na thelathini. Mwalimu anataka moja tu, na nieleze kwa maneno kwa nini. Kazi iliyopita aliniandikia kwa wino mwekundu: umefika, lakini hujui umefika wapi.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, alisema Mzee Zubery. Huyo mwalimu anakujaribu tabia.

Kisha akatoa ushahidi wa kitaalamu. Kwa miaka thelathini na moja gatini hajapata kuona sanduku lisilo na kifuniko likipita forodha. Kwa hiyo swali lenyewe ni batili, na binti aandike hivyo kwa heshima, amalizie na "wako mtiifu".

Redio akamwambia amechelewa, dunia imeshaondoka gatini. Sanduku hilo ni la mgao. Mashirika yanataka kujua chakula kingi kinaingia kwenye bati dogo kiasi gani, na kwa kuwa wao wenyewe wameshindwa, wamewatupia watoto wa vyuo bila malipo. Nuhu akammiminia kahawa nyingine, na kwa kikombe hicho nadharia ikanenepa. Sasa bati halikuwa bati tena. Lilikuwa nchi.

— Linakatwa wapi? Pembeni. Na Kigoma iko wapi kwenye ramani? Pembeni. Wanakata pembe ili katikati kubebe vingi. Saumu, mwanangu, umepewa mpango wa maendeleo wa taifa na wewe unadhani ni homuweki.

Nakiri hapo karibu nimwunge mkono.

Saumu aliangalia saa. Akamuuliza Profesa, kwa upole wa mtu anayehitaji kitu, yeye angechagua lipi. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Swali, alisema, linataka kubwa kuliko yote. Kati ya kumi na thelathini, kubwa ni lipi? Hata Nuhu anajua.

— Haba na haba hujaza kibaba. Thelathini. Andika.

— Na sababu, Profesa?

— Sababu ni kwamba nimesema. Utafafanua kidogo huko mbele.

Redio akakataa. Wakati ule vyama vya Warundi vilikuwa Arusha vikijadili amani, na yeye alikuwa amejifunza mengi kutoka kwao, hasa vikao visivyokwisha. Pande mbili zikikataa kushuka, alisema, unazipa serikali ya mseto. Ishirini. Kumi hataaibika, thelathini hataaibika, na wafadhili watapiga makofi. Mzee Zubery akauliza kama ishirini imo daftarini. Saumu akasema haimo. Redio akasema hata amani haimo na bado watu wanaijadili.

Ubishi ukakomaa, vikombe vikatolewa. Profesa akatoa hoja yake ya thelathini na kufudikiza cha kwanza. Mzee Zubery akafuata, kwa kuheshimu Kiingereza kile. Redio akapima upepo, akaona beseni linamnyemelea yeye na ishirini yake, akafudikiza cha tatu. Nuhu aliulizwa akasema hajui. Katika alasiri nzima ndiye mtu pekee aliyetamka neno hilo, na akaambiwa kura ya asiyejua haihesabiwi.

— Wengi wape, alisema Profesa. Thelathini imepita.

Saumu akainua macho mpaka dirishani kwangu. Mimi nina digrii ya sheria na kiduka cha kupiga chapa. Hesabu tuliachana kidato cha nne, kwa amani, bila watoto. Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nikageukia mashine nikapiga mstari mzima ambao hakuna mteja aliyeuagiza. Nilipogeuka tena, alikuwa ameshafungua kalamu.

Ndipo Marcelina akasimama mbele ya benchi, mnara wa trei za bati kichwani. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na kila alipopewa ruhusa ya siku moja kuja mjini alileta trei anazokunja kwa makopo ya mafuta ya msaada. Nuhu hupangia kashata humo. Akasalimu kwa lugha ya kwao, mwiriwe, akashusha mzigo, akaona vikombe vitatu vimelala kifudifudi. Akauliza kumeamuliwa nini. Nuhu akamweleza: bati sitini, kata pembe, kunja, na wazee wameamua kila pembe ikatwe thelathini.

Marcelina akalitazama daftari, halafu mikono yake mwenyewe, kana kwamba bati limo humo.

— Mnisamehe wazee. Ukikata thelathini huku na thelathini huku, katikati panabaki nini?

Redio akagundua kwamba baiskeli ya mteja inamhitaji. Profesa akamtazama yule mama juu mpaka chini.

— Mama, una kibali cha kutoka kambini?

Marcelina hakubisha. Akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, akaifungua pole pole mpaka mhuri ukaonekana, akailaza kwenye benchi katikati ya vikombe.

— Kibali hiki, mheshimiwa. Na jibu?

Saumu alikuwa ameshachana ukurasa. Akaukunja ukawa mraba, akachana pembe zote nne, kila moja mpaka nusu ya upande. Vipande vinne vikamwangukia mapajani. Mkononi hakubaki na kitu. Akavitazama, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetokwa na homa.

— Siku ya kwanza nilikata hivyo hivyo, alisema Marcelina. Nikabaki na vipande vinne, trei hakuna. Sasa nakata kidogo.

Saumu akaandika kumi. Chini yake akaandika sababu, mistari miwili, bila kumuuliza mtu. Halafu akamsaidia Marcelina kutenga trei za Nuhu, akajitwika nusu ya zilizobaki, kwa kuwa njia ya stesheni na ya lori la kambini ni moja mpaka sokoni, na kibali kilikuwa kinaisha saa kumi na moja.

Profesa alingoja wakate kona. Akasema hilo ndilo alilokuwa analimaanisha tangu mwanzo, ila alitaka binti alifikie mwenyewe, ndiyo elimu ya kisasa. Mzee Zubery akakiinua kikombe chake kikakaa wima. Redio akaacha baiskeli ya mteja, akarudi, akakiinua cha kwake. Kikabaki kimoja kifudifudi.

Profesa akaniuliza dirishani, mimi kama mwanasheria, iwapo kura iliyokwisha kupita kihalali inaweza kutenguliwa.

Nikamwambia sijui.

Nuhu akamsogezea beseni.