Uji wa Kijiwe Kizima

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kati ya kinyozi na fundi baiskeli, na wanaolikalia hawangoji kualikwa. Jioni ile Dokta alikuja mwanawe kifuani, amefungwa kwa kanga ya marehemu mkewe. Udaktari wake ni wa miamba, wa chuo kikuu, lakini jina la kijiweni halichagui fani. Alipewa kikombe cha kahawa, akakishika bila kunywa.

Tumbo la mtoto lilikuwa limekaza kama mpira. Tangu juzi hajapata choo. Anajikunja, anasukuma, analia. Kesho mama mkwe angekuja, naye alishasema: akimkuta mjukuu hali mbaya, anaondoka naye.

Kinyozi aliuliza mtoto anakula nini.

— Uji wenu.

Ulikuwa wao kweli. Tangu msiba, kila mmoja alikuwa na cha kuongeza: Kinyozi alileta karanga; Spana, yule fundi baiskeli, soya; na Redio, mstaafu asiyezimika, mtama na dagaa. Dokta hakutaka kumvunja mtu moyo. Alisaga vyote pamoja, akampikia mtoto ambaye jino la kwanza lilikuwa bado linachungulia. Akawaeleza kuwa asubuhi ile muuguzi wa kliniki alimwambia auache uji huo: ampe maji kidogo na kitu kimoja laini, kilichopondwa, kabla ya kujaribu kingine.

— Karanga haina kosa, Kinyozi akawahi. Soya ndiyo inafunga.

— Soya? Spana akaruka. Dagaa wa Redio ana miba hata ukimsaga.

— Dagaa ni ubongo, bwana. Mtoto wa msomi unataka ashindie maji?

Kutoka hapo wakapaa. Redio akadai tumbo la mtoto hufuata mwezi, nao mwezi ulikuwa mchanga. Kinyozi akasema nywele ndizo zinamla nguvu; anyolewe, choo kitakuja. Spana akataka apakatwe kwenye baiskeli, apitishwe barabara yenye mashimo.

— Daktari wa mawe, na tumbo la mwanao limekuwa jiwe, akamalizia.

Hakuna aliyecheka. Spana mwenyewe aliinamia tairi alilokuwa akiziba.

Mwenye tairi, mgeni aliyekuwa akisubiri pancha izibwe, akampa mtoto kidole cha kushika.

— Samahani, kaka. Mama yake alimwanzishia nini?

Redio akakohoa. Mgeni hakujua, kanga haisemi mwenyewe yuko wapi.

Akilini Dokta alimwona tena mkewe, wiki ile ya mwisho ya uhai wake, ameketi kizingitini na kibakuli, anaponda kitu kwa mgongo wa kijiko. Mkewe alimwita aje aone mtoto anavyoachama. Dokta alikuwa akisahihisha mitihani. Alijibu anakuja.

— Kilikuwa cha njano.

— Boga? Papai? Ndizi?

Dokta akaweka kikombe chini, kahawa imepoa.

— Nitanunua vyote vitatu, akasema. Nitampa kimoja kimoja, nimwangalie uso. Aliyebaki anayejua hajajifunza kusema.

Akainuka, mtoto akitafuna pindo la kanga. Safari hii hakuna aliyempa ushauri.